Mwewe Asiyekula Asubuhi

9 Februari

Dada mkubwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Wifi yako anakusalimu, anasema lile gauni ulilomshonea limembana kiunoni, ila hataki ulipanue, atapungua yeye. Mwanao naye mzima wa afya. Hapa kazini wamembandika jina la Trafiki, kwa jinsi anavyosimama chini ya winchi na kunipigia ishara za mikono kama askari wa barabarani: pandisha, shusha, kulia, simama. Jengo limefika ghorofa ya nane. Nikiwa kwenye kibanda changu huko juu namwona mdogo kama kifuniko cha chupa, lakini kila kidole chake nakisoma. Si bure mimi wananiita Mwewe.

Sasa nisikuzungushe. Kampuni ilitupima afya sote na mimi nimekutwa na sukari. Ndiyo, ile ile ya mama.

Muuguzi wa kliniki amenipa vidonge vyeupe vinene, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Alieleza mengi, na mimi nilikuwa naitikia tu, kwa maana kichwani nilikuwa namwona mama na mguu wake wenye kidonda kisichopona. Tangu nimeanza kuvimeza, dada, tumbo langu si langu. Linaguruma kama mashine ya kuchanganya zege. Gesi haina adabu, haijali nimekaa na nani. Mdomoni nasikia ladha ya msumari, na kubwa zaidi, tumbo linaniendesha. Kwa mtu wa ofisini hilo ni jambo la kuinuka na kurudi. Mimi kushuka ngazi ya winchi ni safari, na nikishuka mzigo unaning'inia, mafundi wanaweka nyundo chini na kuniangalia nikishuka kama mjusi. Chupa ya haja ndogo ninayo, kila dereva wa winchi anayo. Kwa hii nyingine hakuna chupa.

Usiogope lakini. Nimekuandikia ujue, na wewe pia ukapime. Mama yetu ni mmoja.

Barua nampa dereva wa lori anayefuata saruji huko kwenu. Unaweza kumrudishia majibu yeye mwenyewe.

Mdogo wako

*

21 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku tuko salama. Mimi na cherehani tunakimbizana na sare za shule, sketi za bluu zimejaa mpaka kitandani, nalala pembeni yake kama mpangaji. Mwambie wifi gauni lina akiba ya kitambaa ndani, anapotaka nalipanua, asijinyime chakula bure.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa. Unaniambia nisiogope. Umesahau kwamba wewe ulikuwa shule ya bweni, mimi ndiye niliyebaki na mama. Unajua ilivyoanza? Alisema taa ya jikoni imekuwa hafifu. Tukabadilisha taa. Akasema hata hii mpya ni hafifu, tukamlaumu muuza duka. Haikuwa taa. Mwaka uliofuata namshika mkono kumpeleka uani, na yeye ananiuliza kama jua limeshazama, saa sita mchana.

Kwa hiyo meza dawa. Tumbo likupige kelele, wewe meza. Rudi kwa huyo muuguzi umwambie yanayokupata, usimwonee haya, ameona makubwa kuliko yako. Na uniambie asubuhi unakula nini kabla ya kupanda. Niandikie, usinipigie. Kwenye simu unasema "mzima" kabla sijauliza.

Mwanangu yuko chini yako siku nzima. Hilo nimeliandika mara moja, sitalirudia.

Dada yako

*

17 Machi

Dada mkubwa,

Shikamoo. Wote wazima. Wifi yako ameanza kutembea kila jioni ili apungue, na kila jioni anarudi na njaa ya watu wawili.

Nikusimulie, ucheke. Tulikuwa tunamwaga zege la ghorofa ya tisa. Ndoo kubwa imejaa, iko hewani, na mimi tumbo likanikata ghafla, jasho likanitoka mpaka kwenye nyusi. Nikaitua ndoo taratibu, Trafiki akinionyesha njia. Nikafungua mlango, nikaanza kushuka. Ngazi ile ina vituo vya kupumzikia. Kwenye kituo cha pili nilisimama nikajikaza, nikamwomba Mungu. Sikufika, dada. Naomba niishie hapo.

Kesho yake nikakuta bunda la karatasi za chooni limefungwa kwenye mlango wa ngazi, na utepe mwekundu juu kama zawadi ya harusi. Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Fomeni wetu alicheka kuliko wote, kisha akaniuliza mbele za watu kama kazi hii bado naiweza. Hapo sikucheka. Nimekaa kwenye kibanda kile tangu ndevu zangu hazijaota vizuri, na kuna vijana wenye leseni mpya wanakizungukia kila siku.

Lakini usiwe na wasiwasi, tangu wiki ile tumbo limetulia kabisa. Halinisumbui hata kidogo. Umeuliza kuhusu asubuhi, nakula kama kawaida yangu.

Na wewe umepima?

Mdogo wako

*

6 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka ile ya karatasi, halafu nikaingiwa na hasira, laiti ningemjua aliyefunga huo utepe. Mtu akiugua si mchezo wa kuigiza.

Ila kuna kitu kimenikaa rohoni. Dawa ni ile ile, tumbo ni lile lile, kazi ni ile ile. Limetuliaje ghafla namna hiyo? Ulirudi kwa muuguzi? Alikubadilishia? Barua yako ndefu ya kutosha kunieleza rangi ya utepe, lakini hayo hayamo. Na "kawaida yangu" si jina la chakula.

Mwandiko wako pia umeanza kunenepa. Nadhani ulikuwa na haraka.

Kuhusu kupima, mkanda wa cherehani umekatika na shule zinakaribia kufunguliwa, hapa sina hata nafasi ya kuoga. Joto la mwaka huu nalo limezidi, nashona na jagi la maji pembeni. Tutaongea.

Mwambie mwanangu anipigie.

Dada yako

*

22 Mei

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi imetubana. Wote wazima. Tumefika ghorofa ya kumi na moja. Mimi sina neno, kiu tu inanisumbua, ni joto la kibandani. Vidonge vipo. Trafiki anakusalimu. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mdogo wako

*

29 Mei

Mdogo wangu,

Salamu baadaye.

Dereva wa lori amenikabidhi barua yako, akanywa maji, akasema, "Pole kwa yaliyotaka kumpata mwanao." Nikamuuliza yapi. Akashtuka, akataka kuondoka. Nilisimama mlangoni na mkasi mkononi, akakaa akasema yote. Kwamba mwanangu alikupigia ishara ya kusimama, na wewe ukaendelea kushusha. Kwamba mzigo mzima wa nondo ulimpita kichwani, na alipona kwa kujitupa kifudifudi kwenye matope. Kwamba kuna mtu alipiga kelele mpaka ukasimama. Nimempigia mwanangu. Ameniambia, "Mjomba ni mjomba, mama," akakata simu.

Wewe umeniandikia kwamba wote wazima.

Nimezitandaza barua zako mezani, ninapokatia vitambaa. Ile ya Februari maneno ni madogo, mistari imenyooka kama umepiga rula. Hii ya Mei ina maneno ya mtu aliyelipishwa kwa kila neno, na bado imejaza kurasa mbili. Herufi ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na mstari unapanda mpaka unagonga pembe ya karatasi. Mimi ni mshonaji. Mshono wa mtu asiyeiona sindano naujua.

Haikuwa taa, mdogo wangu.

"Vidonge vipo." Hata mchanga upo. Nakuuliza unameza au humezi, na unijibu kwa neno moja. Uliacha kumeza mwezi wa tatu, siku ile ile tumbo "lilipotulia." Nilijua. Nilikaa na kujua kwangu nikishona sketi, kwa kuwa nilitaka kukuamini, na sasa nusura nimzike mwanangu kwa kukuamini.

Popote barua hii itakapokukuta, shuka. Ukiwa juu, tua mzigo na ushuke.

Dada yako

*

12 Juni

Dada mkubwa,

Shikamoo. Anayeandika hapa ni mwanao, mimi nasema tu. Utajua sababu.

Barua yako ilipofika nilikuwa juu. Trafiki akaitia kwenye kikapu tunachopandishia chai kwa kamba. Nikaifungua, nikaisogeza mbali, nikaisogeza karibu, nikaielekeza kwenye dirisha. Niliona karatasi nyeupe imejaa sisimizi. Dada, mwandiko wako naujua tangu unanifundisha kusoma, na sikuambulia neno. Ndipo nikaogopa kweli. Siku ya nondo nilijidanganya kwamba ni jua machoni. Kwenye karatasi hakukuwa na jua.

Nikatua mzigo, nikashuka nisomewe. Kwa hiyo nilishuka kabla sijajua kwamba umeniambia nishuke. Tulikaa juu ya mifuko ya saruji, Trafiki akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye "nusura nimzike mwanangu" akaishusha karatasi. Nikamwambia endelea. Akasema, "Mjomba, hapa pananihusu mimi, nisomeje?"

(Mama, hapa naandika yangu mwenyewe. Mimi sina kinyongo naye.)

Jibu lako la neno moja ni: simezi. Niliacha baada ya ile siku ya ngazi. Kila nilipokishika kile kidonge nilikiona kile kituo cha pili, na fomeni akiniuliza kama naiweza kazi. Nilijiambia nitameza siku za mapumziko tu, halafu hata hizo nikaziacha. Niliona bora kuharibika kidogo kidogo ndani ambako hakuna anayeona, kuliko kuaibika nje mbele ya watu wote. Ni upumbavu, najua. Wakati ule niliuona ni akili.

Siku hiyo hiyo Trafiki alinipeleka kliniki. Muuguzi hakunigombeza. Aliuliza, "Asubuhi ulikuwa unameza na nini?" Nikasema na chai kavu, chini ya ngazi. "Na chakula gani?" Nikamwambia, dereva wa winchi hali kitu asubuhi. Akaweka kalamu chini.

Dada, hilo ndilo ulilokuwa unaniuliza tangu Februari nami nakwepa. Aliyenifundisha winchi alinipa sheria hiyo siku ya kwanza: usitie kitu tumboni kabla ya kupanda, hutahitaji kushuka. Nimeishika miaka yote. Nilipoanza dawa nikaishika zaidi, nikawa hata jioni najinyima, nikidhani tumbo tupu halina cha kuendesha. Kumbe kidonge kile hutakiwa kumezwa pamoja na chakula, na muuguzi aliniambia siku ya kwanza, mimi nikiitikia tu. Kwenye tumbo tupu ndipo kinapofanya fujo. Nilikuwa najichongea mwenyewe kila alfajiri.

Sasa daktari ameniandikia vya aina nyingine, vinavyoyeyuka polepole. Naanza na kimoja kidogo, katikati ya chakula cha jioni, kisha wataniongezea taratibu wakiona tumbo limekubali. Mara nyingi hutulia baada ya wiki kadhaa. Lisipotulia nirudi niseme, nisiache kimyakimya. Macho yametibuka kwa sababu sukari ilipanda sana. Anatumaini yatarudi ikishuka, lakini hakuniahidi, na amenikataza kupanda mpaka nipimwe tena.

Nimemwambia fomeni mwenyewe, kwa mdomo wangu. Amempandisha kijana mmoja kibandani. Mimi niko chini, nimesimama na mwanao, najifunza ishara nilizokuwa nazisoma.

Nisamehe, dada.

Mdogo wako

*

3 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Na wewe mwanangu unayemsomea, marahaba, mwandiko wako ni mbaya lakini nimeubusu.

Sitakugombeza, nimeshakugombeza vya kutosha nikiwa peke yangu na cherehani. Niliposoma kwamba umeshuka, niliingia chumbani nikalia juu ya sketi za watu, ikabidi nizipige pasi upya.

Lakini wewe, miaka yote hiyo hunywi hata uji asubuhi, na wifi yangu anakutazama tu? Mwambie nakuja kumshitaki. Kula. Mkate na yai, viazi, chochote. Tumbo likinguruma liache lingurume, limeshangaa kupata wageni. Kila usiku nakuwazia yale macho. Naamka mara kwa mara kwenda uani, nikirudi usingizi umekwisha, nakaa naomba.

Kuhusu mimi usijali. Kazi ni nyingi, joto halijapungua, jagi la maji sasa nalijaza mara mbili kabla ya mchana. Kupima nitapima sare zikiisha.

Dada yako

*

18 Agosti

Dada mkubwa,

Shikamoo. Tazama mwandiko huu. Naandika mwenyewe, na mistari ni hii.

Tumbo bado lina siku zake. Likiamka vibaya linaguruma mpaka wifi yako anauliza kama kuna mtu anabisha hodi. Ladha ya msumari imepungua. Nimejifunza kwamba chakula cha mafuta mengi linakikataa, na chakula kidogo kidogo linakipenda. Kuendesha kumekoma, na safari hii kumekoma nikiwa nameza, mwulize mwanao, ananihesabia vidonge kama polisi. Jumatano nimepimwa macho. Daktari alinionyesha herufi za mstari wa chini kabisa, nikazisoma, akanigeuzia ubao nikazisoma tena. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za kliniki nikalia kama mtoto.

Fomeni anataka nipande Jumatatu. Yule kijana wa kibandani anakipenda kiti, nisipopanda nadhani atakaa moja kwa moja. Nimemwambia fomeni sipandi bado. Akauliza kwa nini, nikamwambia nasubiri barua.

Ni barua yako, dada. Macho yangu yaliporudi kazi ya kwanza niliyoyapa ni kusoma barua zako zote, mwenyewe, polepole. Mwezi wa nne una jagi la maji pembeni. Mwezi wa saba unalijaza mara mbili. Usiku unaamka kwenda uani mara kwa mara. Kila nikikuuliza kama umepima, mkanda umekatika, shule zinafunguliwa, sare haziishi. Mimi niliandika kwamba kiu yangu ni joto la kibandani, na wewe hukunikubalia. Na mimi sikukubalii. Si joto, dada. Haikuwa taa, na hili si joto.

Unaogopa. Hata mimi naogopa, kwa ajili yako kuliko nilivyojiogopea. Lakini juu kule kazi inataka kichwa kitulie, na kichwa changu kipo mlangoni kwako. Sitainua mzigo juu ya mwanao huku nakuwaza wewe. Kiti kikienda, kiende.

Trafiki nimemwombea ruhusa. Anakuja na lori hili hili lenye barua.

Mdogo wako

*

27 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, na hili ni neno la kweli kwa mara ya kwanza mwaka huu, pamoja na yote nitakayokuambia.

Mwanangu alishuka kwenye lori asubuhi, barua yako mkononi. Hakutaka hata chai. Nilimwambia kuna sketi za kumalizia, akachomoa sindano ya cherehani, akaiweka mfukoni. Njiani alinishika mkono. Nilikuwa sijashikwa mkono na mtu tangu siku nilipomshika mama, na hapo nikajua nilichokuwa nakiogopa. Si sindano. Nilikuwa najiuliza, mimi nilimwongoza mama, mimi nitaongozwa na nani? Wewe uko mbali, mwanangu yuko mbali, nyumba hii ina cherehani tu. Nikaona heri nisijue.

Pale kliniki tulikaa kwenye benchi. Nilipoitwa niliinuka, lakini miguu ikaelekea mlango wa nje. Mwanangu akasimama mbele yangu, akaninyooshea kiganja kama anavyokufanyia wewe. Watu wote wakatugeukia. Nikasimama. Ishara yake inaeleweka, mdogo wangu, sijui wewe ulishindwaje.

Ninayo. Iko juu, ila hawajaona kitu kwenye macho wala miguu. Muuguzi amesema nimewahi. Amenipa vidonge vyeupe vinene, nawe unavijua. Alipoanza kunieleza namna ya kumeza nilimwambia, "Hayo ninayo kwa maandishi," naye hakuelewa kwa nini mwanangu alicheka.

Jioni nilizitoa sketi mezani, zote kweli, mpaka nikauona ubao. Nikakaanga mayai, nikakata mkate, tukakaa wawili. Naandika hapa, tumbo limeanza kunguruma kama ulivyonionya. Usiku huu ni mrefu na sijui kesho litaniamkia vipi. Nitakuandikia kila kitu, hata yale ya kuaibisha.

Nimekula kwanza, kisha nimemeza. Sasa panda.

Dada yako